Isimila: panga saa kwanza, nauli baadaye

Mgeni akifika Iringa na ana nusu siku ya kupoteza, mimi humpeleka Isimila, kwenye korongo la nguzo za udongo na zana za mawe za kale, ila simpeleki saa anayotaka yeye. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana wageni wengi wanataka kuamka taratibu, wanywe chai, watoke mjini saa nne, wafike saa tano jua likiwa kali. Wanaziona nguzo, wanapiga picha mbili tatu, wanarudi wakisema, "Mbona kawaida tu?"

Nguzo zenyewe si kawaida hata kidogo. Ni minara ya udongo na mchanga ulioshikamana, mirefu kupita nyumba za mjini, imesimama ndani ya korongo bila mchongaji yeyote kuigusa. Jua la saa sita likipiga utosini, vivuli vinatoweka na ukuta mzima unaonekana bapa. Fika saa mbili asubuhi, au subiri saa tisa na nusu alasiri jua liwe la pembeni. Hapo kila mfereji uliokwanguliwa na maji unapata kivuli chake, nguzo ya mbele inajitenga na ya nyuma, na rangi zinaanza kuonekana: kahawia, wekundu kidogo, kijivu kwa chini. Kati ya saa hizo mbili mimi ni mtu wa alasiri, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai Iringa ina baridi ya kukausha midomo. Mgeni wa pwani, ukichagua asubuhi, njoo na sweta. Usituambie hukuambiwa.

Mwulize mwongozaji akuonyeshe juu ya nguzo. Nyingi zimebaki kwa sababu tabaka la juu ni gumu kuliko la chini, limekaa kama kofia. Mvua inakula udongo laini wa pembeni, na ule uliokingwa unabaki umesimama. Kofia ikidondoka, nguzo inaanza kuliwa kutoka juu. Kwa hiyo unachokiona leo ni kazi inayoendelea, kila masika yanapunguza hapa na kufichua pale.

Hii ndiyo sababu sipendi watu wanaoegemea nguzo au kuzipanda. Siku moja kijana mmoja alitoa funguo akaanza kukwaruza herufi ya kwanza ya jina la mchumba wake. Mwongozaji akamwita kwa upole kabisa: "Kaka, hiyo si fensi ya shule." Tulicheka, na yule kijana akacheka pia, akarudisha funguo mfukoni. Ila alama ilibaki pale, na udongo ule ukishakwanguka haurudi.

Sasa, kosa la pili la wageni ni kukimbilia nguzo na kuruka zana za mawe. Naelewa, nguzo ndizo zinazotamba kwenye simu za watu. Lakini kilichoipa Isimila jina duniani ni mawe yaliyolala chini. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia hii aliyaokota, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu F. Clark Howell akaja kuchimba na wenzake. Walikuta mamia ya mashoka ya mkono na zana za kukatia, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikaa juu zaidi ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo. Korongo hili kavu liliwahi kuwa na maji ya kumtosha mnyama wa namna hiyo. Vipimo vya baadaye vya urani vilikadiria umri wa zana hizo kuwa miaka 260,000 hivi.

Tarakimu hiyo haikuingii kichwani mpaka ushike shoka lenyewe. Usijiokotee, omba mwongozaji akupe la kushika. Ni zito kuliko linavyoonekana, upande mmoja mnene unaokaa kiganjani, upande wa pili umechongoka. Pitisha kidole gumba pembeni utahisi vishimo vidogo vinavyofuatana, kimoja kila mahali jiwe lilipogongwa likabanduka, mbele na nyuma kwa zamu. Aliyelitengeneza alikuwa analigeuzageuza mkononi kila baada ya pigo. Mengine ni makubwa kiasi kwamba hujui yalishikwaje. Ukimaliza rudisha pale pale. Kubeba zana ya kale kwenda nayo nyumbani ni kosa la jinai, hata kama ni kajiwe kadogo na hata kama "yako mengi".

Njia ya kutembea si ndefu. Unaanzia kwenye jumba dogo la makumbusho, unashuka kwenye zana, halafu njia inakupeleka ndani ya korongo hadi kwenye nguzo, kisha unapanda kurudi. Tenga saa moja na nusu mpaka mbili, usikubali kuharakishwa. Shangazi yangu wa Dar alikuja na kandambili na gauni la harusini, tukamvusha kila kijito tumemshika mkono huku na huku, na bado alisema amefurahi. Wewe vaa viatu vyenye meno. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ikinyesha, udongo wa korongo unateleza vibaya na maji yanapita chini, kwa hiyo ukikuta wingu zito siku hiyo ahirisha. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri, ila kuna vumbi na upepo. Maji ya kunywa beba ya kwako.

Kufika ni rahisi. Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Daladala na mabasi madogo yanayoelekea Ifunda au Mafinga yanapita pale, mwambie konda "nishushe Isimila" atakuelewa, kisha utembee kidogo kutoka lami. Bajaji zipo na madereva watakubali, lakini barabara ile ina malori ya Zambia yanayopita kwa fujo, na bajaji ikitikiswa na upepo wa lori hutafurahi safari. Kama mko wanne kodini teksi, na bei mpatane ikiwa pamoja na kusubiri. Usiseme "tutaongea tukirudi". Ukirudi hakuna maongezi, kuna deni.

Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ya vituo vya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo, uwe na salio kwenye simu. Mwongozaji mpe chochote pembeni, na ukimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene", kabla ya kuuliza lolote utaona anavyochangamka.

Naulizwa sana kama Isimila ni msitu. Hapana, ni nyika ya miti ya wastani na kivuli hafifu. Anayetaka msitu wa kweli, wenye unyevu, mianzi na migomba pori, aende Ngozi upande wa Mbeya, apandie kutoka Isongole kwenye Milima ya Poroto mpaka alione lile ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, kwa chini. Mlima unapanda wima kwa sehemu ya mwisho, na kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaunganisha siku moja.

Kinachoungana vizuri na Isimila ni Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, linakohifadhiwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Barabara yake ni nyingine kabisa, inabidi urudi mjini kwanza. Kama una gari, Kalenga iwe asubuhi na Isimila alasiri. Kama unategemea daladala chagua moja, na ukichagua Isimila ya alasiri uwe umeshasimama kando ya lami kabla jua halijazama, maana giza likishaingia daladala zenye nafasi zinakuwa za kubahatisha.