Mtoto anayekujibu kwa Kiingereza

Mwanangu,

Huku Ngamiani, Tanga, sote wazima. Umeuliza kama uache kumsemesha mwanao Kiswahili, maana ana miaka 12, anakuelewa lakini anajibu Kiingereza, na mbele ya wenzake hapo Leicester, Uingereza, anakutaka unyamaze. Usiache. Badilisha namna tu.

Akisema "kiti yangu iko wapi", usimkatize. Mjibu: "Kiti chako kiko uani." Neno sahihi kalisikia na maongezi yameendelea. Ukimkosoa mara tatu kwa pumzi moja, ya nne ataisema Kiingereza. Si ukaidi huo, kachoka kuchekwa. Na shangazi zake uwaambie, vicheko vingi vimo kwenye simu zao.

"Shule vipi?" hujibiwa "poa", basi. Anipigie mwenyewe, dakika 10, mara 3 kwa wiki, akiwa na la kuuliza: kilo ya unga wa mahamri inataka tui kiasi gani? Getini kwa shule, mbele ya rafiki zake, mwachie Kiingereza chake.

Lililo zito ni hili la kumfanya mkalimani. Hospitali za umma huko hutoa mkalimani bila malipo. Muombe unapoweka miadi, usingoje siku yenyewe. Mtoto akikutafsiria daktari, habari mbaya anaisikia yeye kwanza. Akikutafsiria mwalimu, alama zake atazilainisha. Kisha jioni unamtaka awe mtoto tena, ilhali mchana kutwa mkubwa alikuwa yeye.

Halafu macho. Umemfundisha kuinamisha uso akigombezwa. Kwa mwalimu wa huko anaonekana anaficha jambo. Mwambie wazi: huko mtazame, huku inama. Usimpimie ipi ndiyo adabu ya kweli.

Shule zikifungwa mwezi wa saba, mkate tiketi ya wiki nne mkiweza, maana wiki ya kwanza yote huishia kwa kuona haya. Ajue shikamoo, na aseme "naomba chai". "Nataka" masikioni mwetu ni amri. Atakwenda soko la Mgandini na binamu zake, pesa ashike yeye na chenji arudishe yeye. Wakimwita mzungu nitawakanya.

Na mwambie mapema kwamba bibi yake atamwita "mume wangu", asije akakimbilia chumbani.

Mama yako