Paja limenenepa lakini muda wa mita 100 haushuki

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 20, nakimbia mita 100 hapa Morogoro. Nimepiga vyuma miezi mitatu sasa, skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) seti nne za 15 mara tatu kwa wiki, paja limetoka sentimita 54 hadi 57, uzito kilo 66 hadi 70, ila saa inasoma 11.8 ileile. Mbio nakimbia Jumamosi tu maana siku zingine miguu inauma. Washkaji wanasema vyuma vinanifanya mzito, niache?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache, badilisha unavyovipiga. Kwanza ujue kukimbia muda uleule huku umebeba kilo nne zaidi maana yake nguvu imeongezeka, shida ni kwamba hizo marudio 15 mpaka miguu inawaka zinajaza msuli kuliko zinavyoufundisha kusukuma haraka, na mtu akiwa kwenye kasi ya juu mguu unagusa chini kama sehemu ya kumi ya sekunde tu, hapo hapo usukume. Na vyuma peke yake havimfanyi mtu awe mzito kwenye mbio, mwangalie Ferdinand Omanyala wa Kenya, alianzia kwenye raga, mwili umejaa kweli, na 2021 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, alipiga sekunde 9.77 kwenye mita 100, rekodi ya Afrika.

Kinachoniuma ni hiyo Jumamosi moja. Huwezi kuwa na kasi kama hukimbii kwa kasi! Rudisha mbio siku mbili au tatu, mita 30 hadi 60, ukiwa hujachoka, pumzika kama dakika moja kwa kila mita 10 ulizokimbia. Vyuma viwe siku mbili, baada ya mbio sio kabla, skwoti na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini hadi usimame wima) marudio matatu hadi matano, uzito uongeze taratibu na mtu akusimamie, pumzika dakika tatu.

Kuhusu vipimo, paja pima asubuhi kabla ya tizi, mguu uleule, katikati ya nyonga na goti, maana ukitoka kwenye vyuma msuli umevimba na tepu itakudanganya. Saa ya mkononi nayo inadanganya, kwa kawaida inasoma pungufu kama sekunde 0.24 ukilinganisha na ya umeme, kwa hiyo apige mtu yuleyule kila mara. Anza kupima na mita 30, faida ya vyuma huwa inaonekana huko mwanzoni kabla ya kufika kwenye 100. Baada ya wiki nane niandikie, na uniambie skwoti unabeba kilo ngapi, hilo hukulisema.