Barua kwa mwanangu aliye Ohio

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta nakaanga vitunguu, nikazima jiko. Unauliza: kama mimba ya mdogo wako ningeibebea huko Ohio, Marekani, wakanipima na kuniambia mtoto ana Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayomchelewesha mtoto kukua na kujifunza, ningeitoa? Na ile sheria yao ya kumkataza daktari kuitoa mimba kwa sababu hiyo naionaje?

Nisikudanganye. Ningeogopa, na hofu ya siku ile isingengoja haya ninayoyajua leo. Alipozaliwa, nesi alimkunjua kiganja, akauona mstari mmoja uliokikata chote, akamwita daktari. Wakanong'ona kwa Kiingereza juu ya kitanda changu. Jina la hali yake nililipata kliniki, ameshaanza kukaa. Miezi yote hiyo shangazi yako alikuwa akiniuliza nani katutupia jicho. Bibi yako hakuuliza kitu. Alimfunga mgongoni, wakaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sasa sheria. Kasich, aliyekuwa gavana wa huko, aliitia saini Desemba 2017, ikazuiwa mahakamani, hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoiruhusu mwaka 2021. Anayeshtakiwa ni daktari, mama haguswi, tena ni pale daktari anapojua kwamba sababu ni Down. Mama akinyamaza, basi. Hapo ndipo iliponishinda. Walisema wanamlinda mtoto kama wangu, na nia hiyo siibezi, maana nimeshaambiwa sokoni, mtoto akiwa kashika sketi yangu, kwamba siku hizi kuna vipimo. Maneno hayo yanauma hadi leo. Lakini sheria ikimfundisha mama kuficha, nani atakaa naye amweleze kuhusu moyo, kuhusu kuchelewa kutembea, kuhusu shule? Mimi nimekwishaonja kunong'onewa.

Huku kwetu Tanzania sababu haiulizwi kabisa. Kanuni ya Adhabu inampa anayetoa mimba hadi miaka 14, na mama mwenyewe hadi 7. Mlango uliopo ni kuokoa maisha ya mama tu. Je, ukali huo ulimletea mdogo wako mwalimu? Nilizunguka Moshi nzima kutafuta shule ya kumpokea. Mwalimu mmoja aliniambia nimrudishe akishajua kuvaa soksi.

Najua Novemba 2023 wapiga kura wa huko waliiweka haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Hayo waachie wanasheria. Wewe ni nesi. Siku ukimkuta mama ameshika majibu, vuta kiti, mweleze kwa lugha anayoielewa, na usimwamulie.

Mdogo wako sasa ndiye anayechagua maharage ninayouza soko la Mbuyuni. Jiwe halimpiti, ila kwa debe moja anamaliza asubuhi nzima, na wateja wameshazoea kusubiri. Viatu ulivyotuma vimembana, mguu wake ni mfupi na mpana. Tuma vipana, vya kufunga kwa kubandika, si kwa kamba. Kamba bado zinamgombanisha na dunia.

Mama yako