Ile "n" haiongezwi, inadondoka

Swali lenu la wiki hii lauliza ni kanuni gani ya Kiingereza tuliyoikariri shuleni bila kuielewa. Yangu ni ile ya "a" na "an". Tuliimba darasa zima: neno likianza na a, e, i, o au u, weka "an", mengine yote, "a". Kwenye mtihani nikaandika "a hour" na "an university" kwa kufuata wimbo huo, na yote mawili yakatiwa wino mwekundu. Nilipouliza nikajibiwa: hayo yako tofauti, kariri tu.

Sasa ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na mjukuu wangu wa kidato cha kwanza kaniletea daftari lenye makosa yale yale. Nilikuwa nanyoosha rimu. Nikamwambia, acha kuliangalia neno, lisome kwa sauti. "Hour" husikii h, maana lilitoka Kifaransa, na huko h ilikuwa imeshakufa mdomoni. Imebaki kwenye maandishi kwa heshima ya Kilatini. "University" linaanza na sauti ya y, kama yai. Ndiyo maana pia husemwa "an X-ray", kwa kuwa hiyo x hutamkwa "eks". Kijana alishaelewa kabla sijakaza spoku ya pili.

Kilichonifurahisha mimi ni cha nyuma zaidi. Tuliambiwa n huongezwa, kumbe hudondoka! Kiingereza cha kale kilikuwa na "an" yenye maana ya moja. Ndiyo iliyozaa hii "an" na pia "one". Mbele ya konsonanti n ikachakaa ikatoka, mbele ya irabu ikabaki. Nasi tunalo jambo la namna hiyo: twasema mtu, lakini mwizi. Ile m ya mtu ilikuwa "mu". U ikamezwa mbele ya konsonanti, na mbele ya irabu ikageuka w. Mganda hadi leo husema omuntu. Hilo hakuna mtoto wa Ngamiani aliyechapwa kwa ajili yake.

Tena n ya Waingereza haikutulia. Aproni ya mpishi zamani ilikuwa "napron", jamaa ya neno la Kifaransa la kitambaa cha meza. Watu wakisema "a napron" harakaharaka, sikio likasikia "an apron", basi n ikahamia upande wa pili. Nyoka aitwaye "adder" naye alikuwa "nadder", akaporwa yake vivyo hivyo. Kiumbe mmoja wa majini, mithili ya mjusi, aliitwa "ewt". Huyu akaokota n ya watu na leo ni "newt".

Hapo akafika mteja: "Fundi, hili digadi la nyuma linagonga tairi." Mjukuu akacheka, akasema ni "mudguard", digadi ni ushamba. Ni kweli neno tulilipokea hivyo, tukasikia "ma" mwanzoni, tukaona ni mengi kama matairi, basi moja likawa digadi. Na vipilefti vikiwa viwili barabarani, hakuna anayekumbuka kwamba ile "ki" ya kipilefti ni kipande cha "keep".

Nikamuuliza, punje moja ya njegere kwa Kiingereza ni nini? Akasema "pea". Nikamwambia zamani hakukuwa na neno hilo. Lilikuwa "pease", na hilo lilikuwa umoja. Watu wakaisikia ile s ya mwisho wakadhani ni ya wingi, wakaikata, na kufikia karne ya 17 wakawa na "pea". Huo nao ni ushamba?

Hakunijibu. Alichukua kalamu akaandika "pease" kiganjani, akamuulize mwalimu Jumatatu, nami nikarudi kwenye digadi la watu.