Ndoo nyeusi si feki, ila ilichambuliwa na nani?

Mkuu, umeuliza kwa nini ndoo nyeusi ulizonunua zimepasuka ndani ya miezi mitatu wakati ya jirani yako ina miaka, na kama hii plastiki iliyorejelezwa inasaidia mazingira kweli au tunauziwa takataka mara ya pili. Nimekaa miaka minne kwenye yadi ya kusaga plastiki hapa Dar, nakujibu kwa yale niliyoyashika.

Ndoo nyingi haziharibikii kwenye mashine. Zinaharibikia mezani, pale akina mama wanapochambua. Makopo ya maji ni plastiki aina ya PET, madumu ya mafuta ya kula ni HDPE, viti na mabeseni mengi ni PP. Geuza chombo utaona pembetatu yenye 1, 2 au 5, kwa mfuatano huo. PET haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 250 hivi. HDPE kwenye 130 imeshalegea, kwa hiyo lazima zitenganishwe kwanza.

Ukimimina chenga, yaani plastiki iliyosagwa vipande vidogo, kwenye pipa la maji, za kopo zinazama, za vifuniko zinaelea. Hapo kazi nyepesi. Tabu ni HDPE na PP, maana zote mbili zinaelea. Pale kwetu kulikuwa na mama mmoja mkongwe, yeye anakikunja kipande, anasikiliza kinavyolia, halafu anakikwaruza kwa ukucha. HDPE inaacha alama kama nta, PP inagoma. Sikuwahi kuona mashine pale yadini inayomfikia.

Siku moja ikaja oda ya haraka, bosi akasema pitisheni magunia hivyo hivyo. Viti vilivyovunjika vikaingia kwenye chenga za madumu. Ndoo zilitoka zinang'aa, wote tukafurahi. Mteja alipojaza maji, tundu la mshikio likachanika, na ukivuta pale palipochanika inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. HDPE na PP hata ukiziyeyusha pamoja hazishikani. Zilirudi zote. Zako nahisi ni ugonjwa huo huo, hebu vuta ukingo wa ufa uone.

Weusi wenyewe usikutishe. Chenga za rangi kumi zikiyeyushwa pamoja zinatoa rangi ya tope, na nyeusi ndiyo inayofunika. Tena ule weusi wa masizi unaikinga ndoo na jua. Ila maji ya kunywa, maziwa au uji wa moto usiweke humo. Yadini yanakuja madumu ya oili chafu na ya dawa za kuua wadudu. Tunayatenga, lakini sitaapa kwamba hakuna lililowahi kupenya. Kufulia, kumwagilia, kubebea zege, ruksa.

Kuhusu mazingira nitakuwa mkweli. Dumu la lita 20 linalotumika nyumbani miaka mitano limefanya kazi kuliko lililokuja kwangu kusagwa, maana mimi nahitaji umeme, maji na kostiki ya kutolea mafuta. Na kila plastiki inapoyeyushwa inachoka kidogo, ndiyo maana viwanda vinaongeza malighafi mpya. Kwa hiyo mimi naunga mkono vitu vya kudumu muda mrefu: nguzo za uzio, matofali ya kutandaza chini, mabeseni mazito. Kule Lamu mwaka 2018 mafundi walishusha majini jahazi la Flipflopi, limeundwa kwa taka za plastiki na kufunikwa ndala kama 30,000 zilizookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hiyo sawa. Kuyeyusha dumu zima ili utoe vijiko vya kutupa baada ya pilau, hapana.

Dukani ukienda, bonyeza ukingo wa ndoo karibu na tundu la mshikio. Ukiona weupe unajitokeza au vidoa vya mchanga, rudisha. Inusu pia, harufu ya mafuta yaliyoungua maana yake chenga hazikuoshwa vizuri.

Hizo zilizopasuka usizichome. Wapelekee wenye mizani mtaani kwako, wananunua kwa kilo. Waambie tu kwamba ni mchanganyiko, maana mama wa mezani atagundua.