Kokteli ya Matunda kwa Siku za Joto: Anza na Ndimu Kabla ya Embe

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siri ya kokteli nzuri ya matunda ni wingi wa matunda yenyewe. Nilikuwa nikichagua maembe yaliyoiva hadi yakanukia jikoni kote, nikayasaga pamoja na nanasi, nikamimina ramu kwa kukadiria, nikajaza barafu kwenye jagi, kisha nikaliweka mezani saa nzima kabla ya wageni kufika ili kila kitu kiwe tayari. Siku moja ya joto kali, jagi hilo lilirudi jikoni likiwa limejaa karibu kama lilivyotoka. Juu palikuwa na maji yasiyo na ladha, chini palikuwa na rojo zito la kukinaisha, na mgeni mmoja alikuwa ameniomba kwa upole nimpatie maji ya kunywa. Baada ya wageni kuondoka nilimimina rojo lile kwenye glasi, nikakamulia nusu ya ndimu, nikakoroga na kuonja, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaisikia ladha ya embe.

Tangu siku hiyo ninawashauri wote wanaoniuliza waanze na uchachu. Embe, ndizi na pichi zilizoiva vizuri zina sukari nyingi na uchachu mdogo, nazo zikiongezewa kileo bila ndimu, ulimi huchoka baada ya mafunda mawili. Ndimu haiwekwi ili kinywaji kiwe kichungu au kikali, bali huuzuia utamu usifunike harufu ya tunda, na ndiyo inayomfanya mnywaji atamani funda jingine. Ikamuliwe siku ile ile ya kunywa, kwa kuwa maji yake yakilala hupoteza uchangamfu, na yale ya chupa mimi sijawahi kuridhika nayo.

Kabla ya kuingiza tunda lolote, jifunze kwanza kinywaji cha msingi ambacho kokteli nyingi za matunda hujengwa juu yake: mililita 60 za ramu nyeupe, mililita 30 za maji ya ndimu na mililita 20 za shira ya sukari, vikitikiswa pamoja na barafu. Hiyo ndiyo daikiri, iliyopata jina lake kutoka Daiquirí, mahali palipo pwani karibu na Santiago de Cuba, nchini Kuba. Itengeneze mara mbili tatu bila kitu kingine, ukipima kwa kikombe chenye alama za mililita, mpaka ulimi wako uujue ulinganifu huo. Baada ya hapo kuongeza tunda ni suala la kusawazisha tu. Nikitumia gramu 60 hivi za embe lililosagwa, napunguza shira hadi mililita 10 kwa sababu embe limekuja na sukari yake. Nikitumia pasheni, ambayo ni chachu yenyewe, napunguza ndimu hadi mililita 15 na kuiacha shira kama ilivyo. Vipimo hivi si amri, kwa maana hakuna matunda mawili yanayolingana kwa utamu, lakini vinakupa mahali pa kuanzia na pa kurudi unapopotea.

Shira haina ugumu wowote. Pima gramu 200 za sukari na gramu 200 za maji, weka kwenye moto mdogo ukikoroga hadi punje za mwisho ziyeyuke, kisha ipua mara moja, kwa maana ukiiacha ichemke maji yatapungua na vipimo vyako vyote vitayumba. Katika friji, ndani ya chupa safi iliyofungwa, hukaa wiki mbili bila shida. Usijaribu kuokoa muda kwa kutia sukari kavu kwenye kinywaji baridi, kwani haitayeyuka vizuri na utaikuta imelala chini ya glasi.

Sasa barafu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoharibu jagi langu kuliko kitu kingine chochote. Barafu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hupoza, na ikiyeyuka huongeza maji. Maji hayo si adui, kwa sababu kileo kisipozimuliwa kidogo huunguza koo na kuficha tunda. Tatizo ni kutoyadhibiti. Ninatumia vipande vikubwa vilivyotoka kwenye friza wakati huo huo, vikavu kabisa, kwa kuwa vipande vidogo vilivyokwisha kuanza kuloa hutoa maji mengi kabla ya kupoza. Tena usiwe mchoyo wa barafu ukidhani kwamba ikiwa chache maji yatakuwa machache, kwa sababu chache huyeyuka upesi na kukuachia kinywaji kilicho vuguvugu na chepesi. Mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kukaza unatosha badala ya chombo maalumu cha kutikisia. Ujaze barafu hadi juu, funga, kisha tikisa kwa nguvu kwa sekunde 12 hadi 15. Utasikia mlio ukibadilika, kutoka vishindo vya vipande vizima kwenda kwenye mchakacho wa vipande vilivyomeguka, na nje ya mtungi utatanda ukungu mweupe hadi vidole vianze kuuma. Hapo simama, chuja kwenye glasi yenye barafu mpya, na uonje.

Kuonja kuje baada ya kupoza, si kabla. Baridi hupunguza utamu tunaousikia, hivyo mchanganyiko uliokuwa mtamu sawasawa ukiwa na joto la chumba utaonekana mchachu ukishapoa. Hii ndiyo sababu kokteli ya kusaga kwa blenda, ambayo ni baridi zaidi, huhitaji shira zaidi. Kwa aina hiyo siweki barafu kabisa: nakata embe vipande vidogo, navitandaza kwenye sinia bila kugusana, navigandisha usiku kucha, kisha nasaga gramu 150 pamoja na ramu ile ile ya mililita 60, ndimu mililita 25 na shira mililita 20. Tunda lililoganda ndilo linalopoza, na hata likiyeyuka glasi inabaki na embe, si maji.

Matunda mengine yana tabia zake. Tikiti maji limejaa maji tayari, kwa hiyo lichuje na utikise kwa muda mfupi zaidi. Nanasi lisilopikwa hutoa povu zuri likitikiswa, lakini lisikae na maziwa au krimu, kwani kimeng'enya chake huvunja protini na kuleta uchungu. Majani ya mnanaa yabonyeze kidogo tu. Ukiyaponda yatatoa ladha ya nyasi.

Kwa wageni, siku hizi nachanganya mapema tunda na shira peke yake na kuweka kwenye friji. Ndimu naikamua karibu na muda wa kunywa, barafu inaingia kwenye glasi ya kila mtu mkononi mwake, na maji ya soda, kama yapo, yanakuja mwisho bila kutikiswa, maana gesi ikifungiwa ndani ya mtungi hurusha kifuniko. Ramu nayo naipima glasi kwa glasi, na jambo hili nalisisitiza sana: mililita 60 za ramu yenye kileo cha asilimia 40 zina gramu 19 hivi za kileo halisi, na utamu pamoja na baridi huficha makali yake kiasi kwamba mtu hunywa glasi tatu akidhani ni sharubati. Anayeendesha gari au asiyetumia kileo hupata mchanganyiko ule ule, ila mahali pa ramu naweka mililita 60 za chai ya rangi iliyokolea na kupozwa, ambayo ukakasi wake huupa utamu wa embe kitu cha kuegemea.