Zabuni za umeme nje ya nchi: nani anamdhamini mkandarasi?

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaendesha kampuni ndogo ya ukandarasi wa umeme hapa Ngamiani, Tanga. Tumesimika nguzo na kuvuta nyaya za miradi ya umeme vijijini Handeni, Kilindi na Muheza, na mafundi wangu kazi wanaijua. Mwaka jana tuliomba zabuni ya njia ya umeme ya kilovolti 33 katika nchi jirani. Bei yetu ilisomwa mbele ya wote ikawa ya chini kabisa, tukaarifiwa kuwa tumeshinda, kisha tukatakiwa kuleta dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki ya kumlipa mnunuzi tukishindwa kazi, ndani ya siku 28. Benki yangu ilitaka hati ya nyumba, kadi za magari na fedha taslimu juu yake. Siku zikaisha, na kazi ikapewa kampuni ya kigeni yenye barua ya benki ya serikali yake. Je, huo ni ushindani wa haki? Na sisi tuna wa kutubeba?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokukuta. Haki au si haki, utaratibu wa serikali kuzibeba kampuni zake katika kazi za nje ni wa siku nyingi. Uingereza ilianzisha idara ya kudhamini mauzo ya nje mwaka 1919, Marekani ikaanzisha EXIM, benki yake ya mauzo na manunuzi ya nje, mwaka 1934, na Japani na China nazo zina taasisi za namna hiyo. Kazi yake si kumpa mkandarasi zawadi. Taasisi hiyo humkopesha mnunuzi, yaani shirika la umeme au serikali inayojenga, ili anunue mitambo kutoka nchi ya mkopeshaji, au huikatia bima benki inayokopesha ili isiogope kutolipwa. Mfano ulio karibu nasi ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye megawati 310: mitambo yake 365 ilitoka kampuni ya Vestas ya Denmark, na taasisi ya dhamana ya nchi hiyo ikasimama nyuma ya mikopo. 

Nchi tajiri ziliona mapema kwamba zikiachiana huru zitaumizana, kila moja ikishusha riba ili mtu wake apate kazi. Ndiyo maana tangu mwaka 1978 wanachama wanaohusika wa OECD, jumuiya ya nchi hizo ya ushirikiano wa kiuchumi, wamekuwa na maafikiano: mnunuzi atangulize walau asilimia 15 ya thamani ya mkataba, na muda wa kulipa uwe na ukomo, ambao tangu mwaka 2023 umefika miaka 22 kwa miradi inayolinda tabianchi. China haimo katika maafikiano hayo, na wapinzani wake hawachoki kulilalamikia jambo hilo.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, wewe hukushindwa na mikopo ya miaka 22. Ulishindwa na dhamana, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Tuseme mkataba ni wa shilingi bilioni 4. Dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10 ni milioni 400; ukitaka malipo ya awali ya asilimia 20, mnunuzi atadai dhamana nyingine ya milioni 800. Hata nguzo moja haijasimama, tayari benki yako imebeba ahadi ya bilioni 1.2, na kwa benki ahadi hiyo huhesabiwa karibu sawa na mkopo, kwa sababu mnunuzi akiidai italazimika kulipa. Meneja wako hakuwa mkatili. Hakuwa na mtu wa kugawana naye hatari hiyo.

Wa kugawana naye wapo, ingawa si wengi. Benki Kuu ya Tanzania husimamia mfuko wa serikali wa kudhamini mikopo ya wauzaji nje, unaoibebea benki ya biashara sehemu ya hasara. ATIDI, taasisi ya bima ya Kiafrika yenye makao makuu Nairobi, ina Tanzania miongoni mwa wanachama wake. Afreximbank, benki ya Kiafrika ya mauzo na manunuzi ya nje yenye makao makuu Cairo, nayo hudhamini makandarasi wa Kiafrika wanaofanya kazi nje ya nchi zao. Wanaokwenda huko ni benki, kwa hiyo anayepaswa kubisha hodi ni meneja wako, nawe umsukume.

Kwa maoni yangu, kasoro yetu ni kwamba tukisema muuzaji nje tunamwona mwenye korosho au mkonge bandarini, si fundi anayevuka mpaka na winchi ya kuvutia nyaya. Huduma ya ukandarasi huleta fedha za kigeni vilevile, na chama chenu cha makandarasi kina hoja ya kupeleka wizarani.

Kwa zabuni ijayo, soma kifungu cha dhamana kabla hujakokotoa bei. Angalia kama dhamana ya kampuni ya bima inakubaliwa, maana baadhi ya wanunuzi huikubali, na kama dhamana ya malipo ya awali hupungua kadiri malipo hayo yanavyokatwa kidogo kidogo kwenye hati za malipo ya kazi. Omba ubia na kampuni yenye mizania kubwa, yaani mali na mtaji wa kutosha, au uchukue kipande cha kazi chini yake. Na barua ya benki inayotaja masharti ya dhamana uwe nayo mkononi siku unayowasilisha zabuni, si siku ya 20 baada ya kushinda.